Pedali za gitaa: kutoka London mpaka kwenye dansi letu



Sisi huku Neasden wazima, tunasukuma gurudumu. Nimemaliza zamu nne za usiku mfululizo na sasa nina siku tatu za kupumzika, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu. Wekeni chai pembeni.

Tangu niwaambie kwamba nimeanza kujifunza gitaa, barua pepe haziishi. Mdogo wangu wa Morogoro, ambaye siku hizi anapiga solo baa Jumamosi na kanisani Jumapili (Mungu anamwona), amenitumia orodha ya pedali 5 anazotaka nimnunulie. Mjomba, aliyepiga rithim kwenye bendi miaka mingi, kaisikia orodha hiyo akaja juu: wazee walipiga gitaa kwa vidole, sio kwa miguu, na hivyo vidude ni vya kumficha asiyejua kupiga. Mama kasema neno moja tu: Januari kuna ada za shule. Na mimi mwenye mshahara wa nesi niko katikati ya hao watatu.

Sikutaka kujibu kwa haraka. Nimesoma, nimesikiliza santuri za zamani, nimezunguka maduka ya vyombo vilivyotumika. Nimeona kwamba ugomvi wa mjomba na mdogo wangu ni ugomvi wa historia, na sehemu kubwa ya historia yenyewe imetokea mjini humu ninamoishi. Basi nawaandikia nilichokipata, halafu mwishoni nitasema natuma nini.

Kwanza tuelewane pedali ni kitu gani. Ni kijisanduku cha chuma, ukubwa wake kama pakiti ya majani ya chai, kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Waya mmoja unaingia upande huu, mwingine unatokea upande ule. Juu kuna swichi ya kukanyaga, maana mikono yote miwili ina kazi, na vitufe viwili vitatu vya kuzungusha. Sauti ya gitaa la umeme kabla haijafika kwenye spika ni umeme mdogo tu, unaotetemeka kama nyuzi zinavyotetemeka. Pedali inauchezea umeme huo kwa njia nne: inauchelewesha, inaukata, inauchuja, au inauchanganya na nakala yake mwenyewe. Ukizielewa njia hizo nne umezielewa karibu pedali zote zilizojaa madukani, hata ziwe na majina ya ajabu namna gani.

Tuanze na kuchelewesha, yaani mwangwi. Waluguru wenzangu mnajua, ukipiga kelele ukiwa bondeni, mlima unakujibu. Mwaka 1958 fundi wa hapa London aitwaye Charlie Watkins alianza kuuza mashine aliyoiita Copicat. Ndani yake ulikuwa utepe wa kurekodia ulioungwa ncha kwa ncha ukawa duara. Kichwa kimoja kilirekodi sauti ya gitaa, na mbele yake vichwa vitatu viliisoma kwa kupokezana, cha kwanza mapema kidogo, cha tatu baadaye kabisa. Gitaa likisema neno, mashine inalirudia. Haikuwa pedali bado, ilikuwa sanduku la kubeba mkononi, lakini kazi yake ndiyo hiyo hiyo inayofanywa leo na kidude kinachoingia mfukoni. Watkins alifariki mwaka 2014.

Njia ya pili ni kukata, na huu ndio mkwaruzo ambao mjomba anauchukia kuliko yote. Mnakumbuka daladala ikifungulia muziki mpaka mwisho, spika inaanza kuchanika? Ndiyo hiyo. Mawimbi ya sauti yakiwa makubwa kuliko uwezo wa chombo, vichwa vyake vinafyekwa kama majani ya uwanjani, na kila panapofyekwa panazaliwa sauti nyingine ndogo ndogo ambazo hazikuwepo mwanzo. Kwa miaka mingi mafundi waliuona huo kuwa ubovu. Kisha mwaka 1961 ulitoka wimbo wa Marty Robbins, uliorekodiwa Nashville kule Marekani, ambamo kifaa kimoja cha studio kiliharibika katikati ya kazi na gitaa la besi la Grady Martin likatoka linanguruma kama nyuki kwenye kopo. Wakauacha hivyo hivyo. Watu wakaupenda! Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akatengeneza sakiti ya kuuleta ubovu ule kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwanzoni haikununuliwa sana. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones akaitumia kwenye wimbo wa Satisfaction, na tangu hapo kila kijana alitaka ya kwake.

Hapa London hawakuwa wamekaa tu. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la Kinks, kijana wa Muswell Hill, kaskazini mwa jiji, alichukua wembe akaichana karatasi ya spika yake ili ikwaruze. Wembe, jamani! Mwaka 1965 Gary Hurst akatengeneza pedali ya Tone Bender, na mwaka 1966 duka la Arbiter likatoa Fuzz Face, ya mviringo kama kitako cha stendi ya maiki. Septemba mwaka huo huo Jimi Hendrix alishuka London akitokea New York akiwa hana jina kubwa, na Fuzz Face ikawa mojawapo ya vyombo vyake vikuu. Amplifaya zake za Marshall nazo zilizaliwa magharibi mwa London, katika duka la Jim Marshall pale Hanwell, ambako walianza kuziunda mwaka 1962. Kutoka kwangu ni safari ya basi tu.

Njia ya tatu ni kuchuja. Sema "u" halafu fungua mdomo taratibu mpaka ufike "a". Koo linatoa sauti ile ile, ila mdomo ndio unaochagua kipi kipite na kipi kizuiwe. Pedali ya wa-wa inafanya hivyo: unyayo ukishuka unapitisha sauti nyembamba, ukirudi unapitisha nzito. Iligunduliwa Marekani mwaka 1966 na fundi kijana, Brad Plunkett, aliyekuwa anatafuta namna ya kubana gharama ya swichi moja ya amplifaya za Vox. Ilipoingia sokoni mwaka 1967 ilipewa jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta, kwa sababu wenye kampuni walidhani wapuliza vyombo ndio watakaoitaka. Wapiga gitaa wakaichukua wao.

Njia ya nne ndiyo niipendayo. Wodini kwetu wakati mwingine mashine mbili za dripu zinalia kwa pamoja usiku. Mdundo wao unakaribia kulingana lakini haulingani kabisa, kwa hiyo kwa muda zinalia kama moja, halafu zinaachana, halafu zinarudiana. Ukiwa umechoka unaweza kudhani chumba chenyewe kinayumba. Ukichukua sauti ya gitaa, ukaiongezea nakala yake iliyosogezwa kidogo sana, na msogeo huo ukawa unabadilika badilika, unapata sauti inayozunguka kama feni au inayotanuka kama wapigaji wawili badala ya mmoja. Ya kwanza wanaiita feza (hapana, sio ile ya mfukoni), ya pili korasi.

Kazi hii ilifanywa sana na Wajapani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Fumio Mieda wa kampuni ya Shin-ei alibuni mashine ya Uni-Vibe, na amesimulia kwamba wazo lilimjia kutokana na matangazo ya Radio Moscow aliyokuwa akiyasikia yakija na kupotea hewani. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Nani kati yetu aliyekulia na redio ya masafa mafupi asiyeijua sauti ile? Babu alikuwa anaizungusha antena na kulaani, kumbe mwenzake Japani anapata kazi! Mwaka 1974 kampuni ya MXR ya Marekani ikatoa Phase 90, kisanduku cha rangi ya machungwa chenye kitufe kimoja tu. Mwaka 1976 BOSS, ambayo ni ya ukoo wa Roland ya Japani, ikatoa CE-1, pedali ya kwanza ya korasi, na mwaka 1977 ikaanza kutoa zile ndogo za kukanyaga ambazo umbo lake halijabadilika mpaka leo. Ndani ya CE-1 kulikuwa na chipu ya aina iliyobuniwa na wahandisi wa Philips mwaka 1969, inayochelewesha sauti kwa kuipitisha kituo hadi kituo, kama watu waliojipanga mstari kutoka kisimani wakipokezana ndoo. Ndoo zikiwa nyingi, maji yanachelewa kufika.

Neasden yenyewe haimo kwenye historia hii kwa pedali, imo kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Trojan Records ilikuwa na makao yake namba 12, Neasden Lane, barabara ninayopita mara nyingi nikirudi kazini. Trojan ilianzishwa mwaka 1968 na ilisambaza muziki wa Jamaika Uingereza nzima mpaka ilipofilisika mwaka 1975. Wajamaika wengi walikuwa wamehamia mitaa hii ya kaskazini magharibi mwa London, na santuri zile zilikuwa barua yao ya nyumbani. Na ni mafundi wa Jamaika walioichukua mashine ya mwangwi wakaipiga kama ala. King Tubby kule Kingston alikuwa anaondoa sauti ya mwimbaji, anabakisha ngoma na besi, kisha anarusha kipande cha gitaa ndani ya mwangwi kikapotelea mbali. Lee Perry katika studio yake ya Black Ark, aliyoijenga mwaka 1973, alifanya hivyo kwa Space Echo ya Roland na feza kubwa ya Mu-Tron. Hawakuwa na studio za kifahari. Walichukua vyombo vichache wakavifanyia mambo ambayo waliovitengeneza hawakuyawaza. Hilo nitalirudia nikifika kwetu.

Haya, sasa kwetu.

Gitaa la umeme liliingia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1953 kwa mikono ya Mbelgiji Bill Alexandre, aliyekuwa akifanya kazi na studio ya CEFA. Kutoka huko, Dr Nico na Franco wakalifanya liongee Kikongo, na redio ikatuletea. Kenya, Fundi Konde alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipiga. Tanzania, bendi za jazz za kila mji zikalikumbatia, kutoka Dar mpaka Tabora, Tanga na kwetu Morogoro.

Mjomba anasema wazee walipiga safi. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Msikilizeni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au DDC Mlimani Park. Kila noti inasikika kama tone la maji kwenye sufuria. Lakini swali langu kwa mjomba ni hili: ilikuwa safi kwa sababu waliamua, au kwa sababu hawakuwa na njia nyingine? Mimi naona yote mawili, na ni vizuri kuyatenganisha.

Sababu ya kwanza ni ya muziki wenyewe, na hapa nampa mjomba alama zake. Dansi letu linasimama juu ya magitaa matatu pamoja na besi. Solo, solo ya pili (Wakongo wanaiita mi-solo) na rithim, kila moja ina kipande chake kifupi, na utamu unatoka pale vipande vinapofungamana kama ukili. Sasa mkwaruzo unajaza kila nafasi. Unazaa sauti nyingi ndogo, na unazifanya noti ndefu na fupi, za nguvu na za upole, zilingane. Ukiweka mkwaruzo kwenye magitaa matatu kwa pamoja, ukili unageuka uji. Mzungu wa rock mara nyingi alikuwa na gitaa moja au mawili na nafasi tele ya kuijaza. Sisi nafasi ilikwisha jaa, kazi yetu ilikuwa kutokanyagana. Ndiyo maana efekti iliyoingia kirahisi kwenye muziki wetu ni ile ya nne. Sikilizeni santuri zilizorekodiwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Baadhi zina gitaa moja linalozunguka kama feni huku mengine yametulia. Lile la kuzunguka sikio linalitambua mara moja, limevaa nguo ya rangi nyingine. Hapo efekti haikuficha upigaji, iliusaidia kuonekana.

Sababu ya pili ni ya serikali na pesa, na hii wazee wanapenda kuisahau. Mwezi Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Muziki wa rock na soul, ambao ndio uliobeba pedali duniani, ulitazamwa kama uhuni wa kigeni. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Mwaka 1978 ikaja vita ya Kagera. Fedha za kigeni zikaadimika, na nchi iliyokuwa inatafuta dola za mafuta na dawa isingetoa dola za kununulia pedali. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na waliotaka santuri walihangaika kufika Nairobi. Wilson na George Kinyonga wa Tanga walikwisha hamia huko mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika, na mwaka 1978 wenzao wakajitenga wakaunda Les Wanyika.

Mkitaka kujua vijana wetu wangefanya nini wangekuwa na vyombo, watafuteni Sunburst. Ilianzishwa Dar mwaka 1970, gitaa akapiga Hembi Flory Kongo, na wao walichanganya ngoma za kwetu na rock na soul, gitaa likinguruma. Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi Zambia mwaka 1976. Mnaona? Bendi ya Dar, lakini walirekodi Zambia. Zambia wakati huo ilikuwa imekula pesa za shaba, Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani, na vijana kama WITCH na Amanaz walipiga rock ya mkwaruzo na wa-wa mpaka majirani wakakoma. Shaba iliposhuka bei, na wao wakashuka. Albamu ya Sunburst ilitolewa upya hapa London mwaka 2016 na kampuni ya Strut. Nimeisikiliza kwenye treni ya Jubilee nikasahau kuteremka.

Sababu ya tatu ndiyo iliyoniuma. Vyombo havikuwa vya wanamuziki. Bendi ya NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikawa mali ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Jeshi na polisi walikuwa na zao. Hata Orchestra Matimila, ambayo Remmy Ongala aliifikisha mpaka kwenye matamasha ya WOMAD hapa Uingereza mwaka 1988, ilichukua jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Mfumo huu ulikuwa na wema wake: mwanamuziki alipata mshahara, na bendi nyingi zilidumu miaka mingi kwa sababu hiyo. Lakini mtu hatengenezi sauti yake kwenye gitaa linalofungiwa stoo baada ya onyesho.

Mjomba ni mfano. Bendi yake, ambayo siitaji jina, ilipovunjwa, vyombo vilihesabiwa vikarudi kwa mwenyewe. Alipiga rithim miaka 16 na akatoka mikono mitupu, hana hata waya. Mpaka leo hana gitaa lake. Tulipokuwa wadogo alikuwa anatufundisha rithim kwa kupiga ubao wa meza kwa vidole, na sisi tulidhani ni mchezo. Mjomba anaposema gitaa ni vidole, sasa ninamwelewa: vidole ndivyo vitu pekee ambavyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Kwa hiyo mjomba na mdogo wangu wote wana haki. Efekti sio udanganyifu. Wajamaika waliifanya ala, na bendi zetu zilipoipata ziliitumia kwa akili. Lakini dansi letu halikukosa kitu kwa kukosa mkwaruzo. Lilichokosa ni mwanamuziki kumiliki zana zake. Pedali ni ndogo, inaingia kwenye begi, na akiondoka bendi anaondoka nayo. Hilo ndilo lililonishawishi.

Sasa mdogo wangu, nisikilize kwa makini, maana hutapata 5. Nakutumia 2: feza moja na mwangwi mmoja. Nimezipata zilizotumika, bei nusu ya mpya, na nimezijaribu zote. Mkwaruzo acha kwanza, kwa dansi na kwaya hauuhitaji. Wa-wa utanunua mwenyewe ukishaanza kulipwa vizuri hapo baa.

Matumizi ni haya. Kutoka kwenye gitaa, feza itangulie, mwangwi ufuate, kisha amplifaya. Siku ukipata wa-wa na mkwaruzo, mpangilio wa kawaida ni wa-wa, mkwaruzo, feza, mwangwi. Ukiweka mwangwi kabla ya mkwaruzo, kila jibu la mlima nalo linakwaruzwa na hutaelewana na mtu. Kitufe cha feza kiwe chini, kizunguke taratibu. Ukikipandisha sana wacheza dansi watapata kizunguzungu. Mwangwi ukiuchelewesha kiasi cha mpigo mmoja wa wimbo, marudio yanaingia kwenye nafasi zilizo wazi kama mpiga rithim wa pili. Ukiwa nje ya mpigo, utagombana na mpiga ngoma. Na usikanyage zote wimbo mzima. Kanyaga chemko likianza, watu wasikie mabadiliko.

Umeme: pedali hizi zinatumia volti 9, na ncha ya adapta yake hasi iko katikati. Nakutumia adapta yake. Plagi ni ya miguu mitatu kama ya huko na umeme wa huku ni volti 230 kama wa kwetu, kwa hiyo hakuna haja ya kubadili kitu. Usikubali adapta ya kuazima, maana nyingine chanya ndiyo iko katikati, na hiyo inaua pedali kwa sekunde moja. Ukimaliza kupiga chomoa waya wa gitaa, kwa nyingi ndiyo unaozima betri.

Na neno la nesi, msinune. Masikio hayana vipuri. Kiwango tunachofundishwa ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ukumbi wa dansi unapita hapo bila hata kujitahidi. Ukirudi nyumbani masikio yanalia "ngiii", hayo ni malalamiko. Usisimame mbele ya spika, na vizibo vya masikio nimeweka jozi 4 kwenye bahasha.

Mama, ada nimeituma Jumanne kabla sijanunua chochote, angalia simu yako. Mjomba, kwenye boksi hilo hilo kuna gitaa. Sio jipya, shingo yake ina mkwaruzo (wa mbao huo, sio wa pedali), lakini nyuzi ni mpya na nimeandika jina lako nyuma kwa wino usiofutika. Hilo halirudi stoo ya mtu.

Wengine mliowahi kupiga kwenye bendi za miji yetu, au baba na babu zenu walipiga, niandikieni. Nataka kujua mlikuwa na vyombo gani, vilitoka wapi na nani alikuwa anakaa na ufunguo wa stoo. Wazee wanaondoka na habari hizi, na santuri hazisemi kila kitu.

Nisiwachoshe. Kesho kutwa narudi kazini. Nawapenda wote, salamu kwa watoto.